Vitu vya Nyumba Moja

Mpendwa baba,

Huku Kangundo hatujambo. Mvua imegoma, lakini kahawa yako haijakata tamaa. Nakuandikia kwa sababu runinga imenishinda. Naona aibu kukusumbua huko uliko kwa mambo ya rimoti, ila kati yetu sote ni wewe tu uliyeongea na hivi vyombo vikakusikia.

Unakumbuka siku uliyokuja na kile kidude cheusi kutoka Nairobi, umekifunga kwa sweta kama mtoto mchanga? Mama alidhani ni redio. Ukatuambia humo ndani zitakaa video zetu zote, harusi, ubatizo, Krismasi, na runinga itazivuta bila waya hadi sebuleni. Mama akauliza, "Na maji ya bomba je, hayawezi kuvutwa hivyo?" Ukakaa chini, miwani kwenye ncha ya pua, ukiunganisha hiki na kile, nami nikakutania kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Hukunijibu. Kesho yake tukinywa chai ndipo ukasema, "Mwaitu, vitu vya nyumba moja lazima visikizane."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Ukiulizwa swali asubuhi, jibu lilikuja na chakula cha mchana. Na uliniita Mwaitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Uliniita hivyo hata nilipokuwa na kamasi hadi kidevuni. Ilikuwa heshima ya bure, lakini niliizoea, na sasa hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Basi sikia yaliyotupata. Stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na ile runinga ya zamani ikatoa moshi ikafa. Kaka yangu Mutua akatuletea mpya kutoka Athi River anakofanya kazi, pana kama kitanda na yenye maneno mengi. Akaitundika ukutani, akaenda zake. Kazi ya kuiunganisha na kidude chako akaniachia mimi, ati kwa vile mimi ni mwalimu. Baba, mimi nafundisha Kiswahili na dini.

Runinga inakiona kidude chako. Inaona hata majina ya video. Nikibonyeza, picha inatokea, watu wanacheka, wanaimba, lakini sauti hakuna. Inaandika tu kwamba sauti ya aina hii haiifahamu. Nimebadilisha waya, nimezima na kuwasha, nimeomba. Kidude nacho kinasema kimezeeka, kinataka kusasishwa. Nikikubali, kinadai namba ya siri, na hiyo namba kinaituma kwa simu yako. Laini yako ilishafungwa. Kila nikijaribu naambiwa namba imetumwa. Kama imekufika huko, tafadhali nitumie.

Nikamwita fundi wa sokoni. Akaangalia nyuma ya runinga, akaangalia kidude, akakuna kichwa.

"Madam, hii TV haina shida. Hata hii box yenu haina shida."

"Sasa shida iko wapi?"

"Ni ati hazisikizani."

Nilitaka kulia pale pale. Akanishauri nitafute kidude kipya cha kampuni ile ile ya runinga. Nikamuuliza kama kitafungua video za baba. Akasema hapo hawezi kuniahidi.

Ningeacha mambo yalivyo kama si mama. Jumapili moja tukitoka kanisani alinishika mkono akasema, "Uso wake niko nao kwa ukuta. Sauti ndio inanitoka. Nikilala najaribu kuisikia, nasikia ya ndugu yake." Unamjua mama, hana mazoea ya kuomba kitu. Nikamwambia nitaipata, na moyoni nilijua nadanganya.

Nikaivuta hadi kwa simu yangu video ya ile Krismasi uliyotuchomea mbuzi, niliyoipiga mimi mwenyewe. Simu nayo ikakataa picha. Kioo kikawa cheusi tii, ikatoa sauti peke yake. Nilifurahi! Nikakimbia jikoni, nikamwekea mama simu sikioni akiwa anachagua maharagwe. Ilikuwa sauti yako kabisa, ila nyembamba, kama umefungiwa ndani ya mkebe. Mama akasikiliza, akasikiliza tena, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Baba, niliizima simu nikarudi sebuleni.

Ndipo nikafanya upuzi ambao ungeucheka. Nilimkalisha mama mbele ya runinga, nikaweka simu chini ya kioo, nikabonyeza rimoti kwa mkono wa kulia na simu kwa wa kushoto, nikiomba viende pamoja. Havikuenda. Sauti ilibaki nyuma. Pale kwenye picha uko uani unageuza nyama ya mbuzi, na mama anakuja na sinia kukuuliza kama imeiva. Mdomo wako ukafunguka, ukafungika, kimya. Nikanyoosha mkono nizime nianze upya. Kisha kutoka kwa simu likaja swali la mama, na baada yake, kwa raha zake, jibu lako: "Imekaribia."

Mama akapiga paja. "Ni yeye! Ni yeye huyo! Si unaona vile anakawia kujibu?"

Alicheka hadi akajifuta macho kwa leso, na sikuweza kujua kicheko kiliishia wapi. Fundi alishindwa, mimi nilishindwa, na ni kule kushindwa kwetu kulikomrudishia mumewe.

Sasa kila Jumapili ananiuliza kama leo tunakuona. Kila Jumapili nabonyeza huku na huku kwa uangalifu, kwa sababu sauti ikitangulia anasema huyo si wewe. Na juzi runinga ilijisasisha yenyewe bila kuulizwa, picha sasa inakuja ikikatika. Naogopa siku itakayokataa kabisa.

Unajua video inavyoisha. Picha huisha kwanza, runinga inarudi kwenye vile vijisanduku vyake vya rangi. Mimi na mama hubaki tumekaa. Halafu wewe, kutoka kwa simu, bila uso: "Mwaitu, zima hiyo kitu, kuja tukule."

Mama huinuka mara moja kwenda kupakua. Mimi hubaki na rimoti mkononi. Katika mambo yote ya hivi vyombo, kuzima ndiko peke yake ninakokujua, na ndiko nisikoweza.

Pumzika, baba. Ukipata jibu, tuma. Hata likichelewa, tumezoea kungoja.

Ni mimi binti yako,
Mwaitu