Kaneza Aeleza Maada Isiyoonekana

Rumonge, Jumatano usiku

Mkuu wa redio alisema tusipoeleweka mapema atakata kipindi aweke muziki. Hilo limeniudhi kutwa, maana mgeni wangu alikuwa binti yangu Kaneza, anayesomea astronomia, na hajawahi kuzungumza redioni.

Nilimpa mfano wa ziwa autumie. Usiku, taa za wavuvi zikikusanyika mahali, unajua kuna ndagala, wale dagaa wa ziwani, chini yake, ingawa huwaoni. Wanaastronomia nao huchora ramani ya galaksi. Wakiona zimejipanga kama nyuzi na mafundo ya wavu, hutambua palipo na maada isiyoonekana.

Kaneza alianza vizuri. Kisha mvuvi wa Magara akapiga simu.

"Amahoro, dada. Huku kwetu taa njo inaita ndagala, si ndagala kuita taa. Kule juu nani anaita mwenzake?"

Mfano wangu ulikuwa umetoboka. Nikafungua mdomo nimwokoe mtoto kwa lolote...

Kaneza akacheka, akamshukuru. "Murakoze, kaka. Kule iko kinyume. Ile isiyoonekana ina uzito mkubwa, ndiyo inayovuta taa, yaani zile galaksi. Mfano ni wa papa, baba yangu huyu hapa, mumulaumu yeye."

"Basi papa aje Magara tumufundishe kuvua!"

Simu zikafululiza, na kipindi kikaenda hadi mwisho. Nimezoea kuwaokoa wageni wanaokwama studioni. Leo nilifunga mdomo, nikapandisha sauti ya maikrofoni yake.