Kinanda cha Harusi ya Twaiba

Maskati, 4 Januari 2025

Mwanangu Muhsina,

Leo nimetimiza miaka thelathini na saba tangu nilipoondoka Msambweni. Natumai u mzima, na magoti ya mama yako yamepoa. Mimi sijambo, sukari naiheshimu, nayo inaniheshimu.

Mama yako amenipigia simu. Mzee Jaafar, aliyekuwa akiwapigia wanawake kinanda nyuma ya pazia ili asiwaone, masikio yamemwisha, na harusi ya dada yako Twaiba ni baada ya Idi. Anataka nije mimi, niliyekuwa nikipiga naye zamani, nikae pale nyuma ya pazia, la sivyo upande wa bwana harusi utaleta kijana na spika zake. Aliniuliza, "Kaka, unataka mwanangu aozwe kwa nyimbo za hotelini?" Tiketi ya ndege wameshaanza kuiulizia.

Lakini nasikia nawe umenunua kinanda. Niambie kina nini, kabla sijamjibu.

Mjomba wako,
Abdulrahim

Gazi, 19 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Magoti ya mama bado yanatabiri mvua.

Kinanda nimekipata kwa Mwero, aliyekuwa akipiga hotelini Diani. Kina sauti mamia: kengele, kwaya ya kanisa, hata helikopta. Udi, kanuni na nai, ala za taarabu yetu, nimezikuta mwisho kabisa, kama wageni waliochelewa karamu. Mkono wa kushoto naupa besi, wa kulia fidla. Tena kinarekodi: naweka ngoma, juu yake besi, juu yake fidla, kisha kinavipiga vyote pamoja nami naongeza akodioni kwa mkono. Mtu mmoja anakuwa kundi zima. Nami ni mwanamke, pazia la nini?

Tatizo ni moja. Niliwapigia kina mama wimbo wa kumtoa bi harusi, Bi Maimuna, anayeimba na mama, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, huu ni wetu au ni wa watalii wanaosubiri chai?" Noti zote nilizibonyeza sawasawa. Nimekosea wapi?

Mpwa wako,
Muhsina

Maskati, 2 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi mzima, ila baridi ya huku mwaka huu imenikumbuka.

Hukukosea. Wimbo ule una noti mbili zinazokaa katikati ya vibonye, na kinanda kinapotoka kiwandani hakizijui. Tafuta ukurasa wa kutuna, yaani wa kurekebisha sauti, ambako sauti ya kila kibonye hushushwa peke yake. Shusha noti ya mi, shusha na ya si, kila moja hadi hamsini chini ya sifuri. Punguza na mwangwi, usije ukapiga kama uko pangoni.

Kisha mwambie mama yako aimbe. Hamsini ni hesabu ya watengenezaji. Jaafar hakuifuata, alifuata koo la mwimbaji.

Tiketi nimeikataa. Nimemwambia mama yako kwamba utapiga wewe. Alikata simu.

Mjomba wako,
Abdulrahim

Maskati, 17 Aprili 2025

Muhsina,

Nakusalimu. Harusi imepita na sijapata neno wala barua pepe. Mama yako hapatikani kwenye simu. Kama mambo yaliharibika niambie tu. Lawama ni yangu, si yako.

Mjomba

Gazi, 18 Aprili 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Utusamehe. Simu ya mama ilitumbukia kwenye sufuria la mchuzi, nami nimelala siku mbili kwa uchovu.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya wa pili stima ikapotea, taa na kinanda vikazimika. Iliporudi, kinanda kikawaka upya, nikabonyeza mi nikajua. Nyimbo nilikuwa nimezihifadhi, lakini kutuna nilikusahau. Mi na si zilikuwa zimerudi kwao kiwandani. Shangazi wa bwana harusi akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba yule kijana wa spika yuko nje, aitwe.

Mama hakunyamaza. Aliendelea kuimba, wenzake wakimshikia kwa makofi. Nikafungua ule ukurasa, tarakimu sikuzitazama. Nilifumba macho nikaishusha mi taratibu mpaka ikaingia kooni mwa mama, kisha si. Halafu nikaileta fidla chini ya sauti yake, katikati ya ubeti. Mjomba, vigelegele hivyo sijapata kuvisikia. Shangazi yule yule alikuja akinitunza pesa, akanivika leso begani, eti niwapigie nao harusi yao mwezi wa sita.

Jioni mama aliniambia, "Mwandikie kaka yangu, asisumbuke tena." Alikuwa akicheka. Lakini mimi nauliza: hutakuja hata kutusalimia tu?

Mpwa wako,
Muhsina

Maskati, 20 Aprili 2025

Mwanangu Muhsina,

Alhamdulillahi. Tangu niliposoma barua yako napumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Mpe mkono wa heri Twaiba.

Miaka yote hii, kila simu ya nyumbani ilipolia nilidhani naitwa kwenye kile kiti nyuma ya pazia. Leo pazia halipo, na kinanda kina mwenyewe. Hilo ndilo nililokuwa nikilitaka bila kujua. Marehemu mke wangu amelala huku, wajukuu wangu wako huku, na wale niliopiga nao Msambweni nikiwahesabu nabaki na Jaafar peke yake.

Kutuna kwako ukuhifadhi sasa hivi, kabla stima haijapotea tena. Kinanda kitakuuliza jina, kipe la mama yako.

Mwambie mama yako nampenda, na asiniulizie tiketi. Mimi sitarudi.

Mjomba wako,
Abdulrahim