Sahihi ya Mama

Jumatatu, 6 Machi
Msimu wa kodi umefika tena. Kila mgeni anayefanya kazi hapa ajaze fomu ya mapato ya mwaka kabla ya tarehe 31, la sivyo kibali hakiongezwi. Kurasa kumi na moja! Mpishi, mwenzangu wa chumba, kajaza yake huku anakaanga mayai. Mimi nimekwama ukurasa wa nne – wategemezi. Nimeandika jina la mama. Hilo tu halikunisumbua.

Alhamisi, 9 Machi
Ofisi ya kodi. Foleni saa tatu nzima. Bibi wa dirisha la saba kapekua risiti zangu zote za pesa ninazotuma nyumbani, kasema zina jina la kaka, si la mama. Nikamweleza: mama hana simu, kaka ndiye anayempelekea. Akasema basi mama aandike barua kwamba yu hai na ananitegemea, atie sahihi.
Nimempigia kaka pale pale kwenye ngazi. Kasema sawa. Na mama? Amelala. Saa tano asubuhi! Mama yangu, anayewaamsha majogoo.

Jumatano, 15 Machi
Barua bado. Kaka anasema mama kaenda kwa mama mdogo. Nikampigia mama mdogo – ametoka sasa hivi. Sauti imemkauka. Mafua, eti. Kaka naye kaomba namba ya Mpishi, simu yangu isije ikazima.
Kazini leo nimeunguza mashuka mawili kwa pasi.

Jumamosi, 25 Machi
Barua imefika, picha kwenye simu. Imechapwa vizuri. Chini, mahali pa sahihi, dole gumba la wino wa zambarau.
Mama haweki dole gumba. Aliingia darasa la watu wazima ana miaka hamsini na miwili, na tangu ajue kuandika jina lake hataki kuona kidau cha wino. Karani wa benki alimsogezea kimoja. "Kaa na wino wako, mwanangu. Nipe kalamu." Akaandika majina yote matatu mpaka mstari ukamwishia, akamalizia pembeni. Tulicheka njia nzima.
Labda mkono unamuuma. Labda kaka alikuwa na haraka, akabonyeza lake. Mama ana methali yake ya mficha maradhi. Siimalizi.

Alhamisi, 30 Machi
Kesho ndiyo mwisho. Leo nimeomba ruhusa, sikwenda kazini. Asubuhi Mpishi kaniambia niipeleke tu barua, nani pale dirishani anamjua mama yangu? Kweli. Lakini nitakuwa nimeapa kwamba yu hai, nami sijui. Naogopa.
Nimempigia kaka. Sitaki barua, nikamwambia, nataka sauti ya mama, hata akohoe tu. Nikasikia anafunga mlango.
"Uko na nani hapo?"
Siku ya msiba wa baba alianza hivyo hivyo.
Nikasema niko peke yangu. Akasema basi, tutaongea baadaye, mdogo wangu. Akakata. Hajawahi kunikatia simu.
Nimekaa na ukurasa wa nne. Jina la mama bado lipo, kwa mwandiko wangu. Sijafuta kitu. Mpishi hutoka kazini saa kumi. Sasa ni saa nane na robo, na nasikia viatu vyake kwenye ngazi.