Wekundu Kwenye Foronya

Dodoma, Jumanne usiku

Nimesugua foronya mpaka vidole vinauma, na wekundu hautoki. Hasira zangu zote za leo zilianzia hapo.

Ni ya kitanda cha Ndahani, mgonjwa wetu hapa hospitalini, kijana wa Kigogo anayefanya kazi ya reli huko Ihumwa. Kichwa kinamuuma, macho yanamwingia giza. Daktari Mdachi alimchungulia ndani ya macho kwa kioo chake, akaona mshipa wa nyuma ya jicho umevimba, kulia na kushoto. Aliogopa kuna uvimbe kichwani, na huo hatuna dawa yake.

Mimi nilikuwa nawaza kufua tu. Nikamfokea Ndahani, "Udongo wenu wa kupaka nywele hutoka kwa maji. Huu ni udongo gani?"

"Si udongo, kaka. Ni ule unga mwekundu wa rangi ya vyuma vya daraja. Unang'aa zaidi. Nachanganya na samli, najipaka kwa ajili ya ngoma."

Nilipomtafsiria daktari, alimfunua kijana mdomo. Kwenye ufizi kuna mstari wa buluu. Daktari akasema rangi ile ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kijana hula kwa mikono ile ile. Daktari akashusha pumzi. Basi huenda si uvimbe, na sumu huenda ikatoka, alisema.

Nilimnyoa mwenyewe, nywele zote alizozisuka kwa miezi. Nilidhani atalia. Alipapasa kichwa kitupu, kisha akaniuliza:

"Na mke wangu je? Nilimpelekea kopo zima la unga ule nyumbani Buigiri. Humpaka na mtoto."