Mkeka wa Mama na Gia ya Kwanza

Gitega

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini goti limetulia na maharage yameanza kuchanua hapo Buhinyuza. Mimi ni mzima, na leo naandika huku nacheka peke yangu.

Mama, nilikuwa karibu kurudi kushika jembe. Teksi ninayoendesha ilianza kugoma. Kwanza gia ya kurudi nyuma ikawa inasaga, kisha hata namba moja ikakataa kuingia mpaka niibembeleze, abiria wananitazama. Mzee Saidi, mwenye gari, akamwita fundi wake Pasikali. Fundi akatikisa mkono wa gia, akasema, "Mi nakuambia ukweli, bwati ya vitesi iko imekufa. Tuishushe." Bwati ndiyo ile tuliyozoea kuiita giaboksi tukiwa Tanzania. Mzee akaniambia kwa upole kwamba ikibidi ishushwe, basi gari analiuza, na kazi yangu imekwisha. Nikakumbuka ulivyosema siku naondoka, kwamba udereva utanishinda na mavuno yatanikuta nyumbani.

Nikamwomba Mzee anipe mpaka jioni. Nikazima injini, nikajaribu gia zote, zikaingia laini. Nikawasha, zikakataa. Hapo nikajua giaboksi ni nzima, klachi ndiyo haiachii sawasawa. Nikaangalia mafuta ya klachi, yamejaa, na hakuna panapovuja. Nikakanyaga pedali polepole, nikahisi inagota kabla ya kufika mwisho. Nikainama, nikapeleka mkono chini yake.

Nikashika mkeka wako, Mama. Ule uliousuka ili miguu yangu isipate baridi, ukaukunja mara mbili na kuushona kingo. Mvua hizi zimeuvimbisha, na tope la viatu vyangu limegandia chini yake. Siku zote hizo nilikuwa nakanyaga mapenzi yako, klachi haifiki chini!

Nikauvuta, nikawasha gari. Namba moja ikaingia bila hata sauti. Ya kurudi nyuma ikatii. Nilizunguka soko zima nikipiga honi, na sikuona haya. Pasikali aliposikia mkeka umetoka kwako alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "We dada, mama yako alikuwa anakuvuta urudi." Sijui kama alikosea. Mzee Saidi naye amesema gari hili halitoki mikononi mwangu, na Jumapili ameniruhusu nije nalo huko nyumbani Muyinga.

Msalimie dada yangu na watoto wake, mjomba wa Giteranyi, na mchungaji aliyeniombea safari.

Mkeka nimeufua, nimeufumua mshono, nimeutandika kiti cha mbele, na abiria hata mmoja sijamruhusu aukalie. Vaa kitenge chako kizuri, Mama. Utaukalia wewe, unitazame ninavyoingiza gia.

Binti yako, bado dereva,
Jenerosa