Sigara Tatu za Baba

Mpendwa Dada,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na mtoto ameshaota jino la pili. Mimi ni mzima wa mwili. Mama yupo, ila siku hizi haimbi akifua. Ningepiga simu, lakini unanijua, nikisikia sauti yako ulimi unaniganda.

Baba hafungui tena kibanda chake cha viatu. Kitanda chake tumekihamishia sebuleni, karibu na dirisha. Unakumbuka alivyokuwa akishona na sigara mdomoni? Tangu Januari alishika adabu. Kila asubuhi alitia sigara tatu kwenye mkebe wa misumari: ya chai, ya mchana na ya kufungia kazi. Kinyozi jirani alimtania kwamba bomba la moshi limeziba. Baba akajibu kwa maringo kwamba yeye anafuata maagizo ya daktari, hakisii kama wanaokata watu masikio. Hakuvuka tatu hata siku moja. Lakini mwezi uliopita alikohoa damu juu ya kiatu cha mteja. Akakifuta, akamalizia kukishona.

Daktari alisema saratani imeshika mapafu yote mawili, na kwamba imebaki miezi, si miaka. Akamwuliza kwa nini hakuacha sigara alipoandikiwa. Baba akajibu kwa heshima kwamba hakuandikiwa hivyo.

Dada, barua aliyoandikiwa na daktari Januari ilikuwa ya Kiingereza. Baba alifuta gundi mikononi, akasema, haya Karani wangu, nisomee. Iliandikwa aache kabisa, siku ileile, na aende kliniki akasaidiwe kwa dawa na ushauri. Nilipomtazama nikaona anaogopa. Nikasema daktari anataka apunguze. Akauliza hadi ngapi. Nikasema tatu. Namba hiyo niliitoa kichwani mwangu.

Siku tulipoambiwa habari ya saratani, tuliporudi nyumbani nilimsomea upya, neno kwa neno. Akaniambia niutupe ule mkebe. Leo ni siku ya tisa. Mikono inamtetemeka, anatafuna njiti za kiberiti, anakunywa maji, hajavuta hata moja. Kumbe angeweza, Dada. Hapo ndipo ninapolia.

Hakunigombeza. Ameniagiza nikwambie kwamba nilimsomea sawasawa, yeye ndiye aliyekaidi. Sitaki abebe na hilo.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Njoo upesi, hata kama hutanisemesha.

Mdogo wako,
Karani, kama Baba anavyoniita mpaka leo