Injini Imetulia

Gerezani, Kariakoo

Kaka Ismail,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono, maana ujumbe wa simu unausoma ukiwa unaendesha lori, kisha unasahau. Huku mvua imeharibu barabara yote ya gereji. Paka wetu amezaa ndani ya ile gari mbovu, Noah.

Juzi mimi na baba tulimaliza kuunda injini ya mteja. Tapeti za valvu baba aliziseti mwenyewe injini ikiwa baridi, akaacha ile nafasi nyembamba ya chuma kutanuka kikipata moto. Hakutumia geji ya kupimia nafasi hiyo. Unamjua, sikio ndilo humwambia kama zimekaa. Tulipowasha, akasimamisha bisibisi juu ya kava la injini, mpini sikioni. Injini ilikuwa inagonga kama cherehani bovu, kila mtu anasikia. Baba akatabasamu.

"Imetulia," akasema.

Mteja akanitazama. Nikamwomba atuachie mpaka kesho. Ilipopoa, baba akiwa msikitini, nikafungua kava nikaziseti upya.

Kaka, baba hasikii tena. Ukipiga simu anakujibu "salama, mwanangu" kwa kukisia tu, halafu ananigeukia: "Kasema nini?" Wewe unakuwa umesema kazi za Muscat ni nyingi. Mimi namwambia umesema unakuja.

Jana kaitoa geji yako, ile aliyokuwa akikucheka kwa kuitumia, kaipaka oili isishike kutu, kaiweka kwenye benchi upande wako. Leo asubuhi alipofika aliitazama hiyo kwanza, ndipo akasalimia watu.

Mdogo wako,
Chiku